Hisabati Iingie Pangoni

Katika mambo tunayorithishana sisi wakazi wa Nyeri na wa miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Karatina hadi Naro Moru na Nanyuki, sidhani kama lipo linalotajwa kwa fahari kubwa na kuchunguzwa kwa uangalifu mdogo kama mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Oktoba, siku ambayo katika mwaka 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, hotuba husomwa, majina ya mashujaa hutajwa kwa taadhima, na wanafunzi waliosimamishwa juani tangu asubuhi hupiga makofi pale wanapoashiriwa. Kisha hurudi darasani na kufunua vitabu vya hisabati, ambamo huulizwa tangi litajaa baada ya saa ngapi ikiwa bomba moja linalijaza na jingine linalitoa maji kwa wakati ule ule, jambo ambalo mwenye nyumba mwenye akili timamu hajapata kulifanya tangu mabomba yabuniwe.

Rai yangu, ambayo naiweka mbele ya walimu, wazazi na wakubwa wa elimu, ni kwamba pango na hisabati, vitu viwili tulivyovitenga kana kwamba kimoja ni cha wazee na kingine ni cha mtihani, vinastahili kukutanishwa. Na kwamba mtoto atakayeingia pangoni na kamba ya kupimia, chaki na daftari atatoka akiijua historia ya babu na bibi zake kwa namna ambayo hotuba za miaka sitini hazijaweza kumjulisha.

Mapango yenyewe si mambo ya ghaibu. Yanayojulikana zaidi na wageni yako magharibi mwa mlima, katika msitu ulio baina ya Naro Moru na Nanyuki, kandokando ya mto Burguret, na mengine yametawanyika katika mabonde ya mlima huu na ya Nyandarua. Aghalabu si mashimo marefu yenye vichochoro, bali ni miamba ya volkano ambayo tabaka lake gumu la juu limebaki kama dari, ilhali tabaka laini la chini limeliwa na maji kwa karne nyingi, hata pakapatikana ukumbi wenye mdomo mpana, sakafu ya vumbi na mawe, na dari inayoinama kadiri uingiavyo ndani mpaka mtu mzima hulazimika kupiga magoti. Umbo hilo ni neema kwa mwalimu wa hisabati, kwa kuwa halina upande ulionyooka hata mmoja, na mwanafunzi aliyezoea mistatili ya kwenye karatasi atalazimika kuamua mwenyewe aukate wapi ukumbi huo vipande vipande apate eneo lake.

Tuseme mgeni ameambiwa na mwelekezi wake kwamba pango fulani lililaza wapiganaji 200, nambari ambayo masikio yetu yameizoea. Wengi wetu hushangaa, tukapiga picha, tukashuka. Lakini mwanafunzi wa gredi ya 8 akiunyoosha ugwe kutoka ncha moja ya mdomo hadi nyingine na kupata, kwa mfano, mita 20, kisha akaupeleka ndani hadi pale dari inapokutana na sakafu na kupata mita 8, ana mita za mraba 160. Akiondoa theluthi moja kwa ajili ya mawe, unyevu na mahali pa moto, humbakia kama mita za mraba 107. Mtu mzima aliyelala chali akijinyoosha huhitaji kiasi cha mita moja na sentimita 80 kwa nusu mita, yaani eneo la mita za mraba 0.9, na kwa hivyo pango hilo lingelaza watu 118 tu. Hapo darasa litagawanyika, wengine wakisema mwelekezi ametia chumvi, na wengine, ambao babu zao waliingia msituni, wakikasirika.

Mwalimu mwenye busara hatalikata shauri hilo kwa haraka, bali atawauliza kama watu wenye baridi hulala chali. Usiku wa msitu wa mlimani ni mkali, na watu waliovaa ngozi na makoti yaliyochakaa hulala ubavu, wakibanana, magoti yamekunjwa. Mpe kila mmoja mita moja na sentimita 70 kwa sentimita 40, nawe utaona kwamba sakafu ile ile sasa inatosha watu 157. Bado hawajafika 200. Ndipo swali litakapowajia watoto wenyewe, pasipo kusukumwa, kama wapiganaji wote walilala kwa wakati mmoja. Na jibu ni dhahiri, maana kambi isiyo na walinzi isingemaliza usiku wa pili. Ikiwa theluthi moja walikuwa nje wakilinda njia, wakichota maji na kungoja wachukuzi wa chakula, waliolala ni 133, nao wanaenea na nafasi ikabaki. Hesabu iliyoanza kwa kumshuku mwelekezi imekwisha kwa kumwonyesha mtoto jambo ambalo hakuna aliyemwambia, yaani zamu, nidhamu na mpango wa jeshi ambalo maadui zake waliliita genge. Vipimo hivi nimevitoa kwa mfano, na kila pango litakuwa na vyake. Pengine katika pango jingine hesabu itakataa kabisa, na hilo nalo ni elimu, kwa sababu urithi usiostahimili kamba ya mita 20 ni wa kusahihishwa, wala si wa kuogopewa.

Kutoka kwenye malazi twende kwenye chakula, ambako ndiko hesabu inakofumbua jambo zito kuliko yote. Watu 200 wakila nusu kilo tu ya mahindi na maharagwe kwa siku, nao hawakuwa watu wa kukaa bali wa kutembea usiku kucha, wanahitaji kilo 100 kila siku. Mwanamke anayebeba mzigo wa kilo 25 kwa mkanda wa kipajini, akipanda mlima gizani na kukwepa doria, anatosheleza robo ya haja hiyo; kwa hivyo wanatakiwa wanawake wanne kila usiku, na safari 120 kwa mwezi, kwa pango moja. Nani anayetaja safari hizo 120 katika hotuba za Oktoba? Tunamjua Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, na ni haki tumjue. Tunaijua sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu aliponyongwa. Na watu wa Nyeri tulimjua pia Muthoni wa Kirima, aliyeishi msituni hata uhuru ulipofika akapata cheo cha fildi mashali, na akafariki mwaka 2023. Lakini waliobeba mahindi hawana sanamu, na mtoto anayepiga hesabu ya kuzidisha ndiye atakayewagundua, kwa sababu nambari haikubali shujaa aishi bila kula.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na habari ya hesabu hiyo, na ilipochoka kuwafuata watu mwituni kwa ndege za mabomu iliamua kuigeuza. Tangu katikati ya mwaka 1954, kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu, zaidi ya Wakikuyu milioni moja walivunjiwa nyumba zao na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye ua wa miti iliyochongoka, ambavyo ukigawanya utapata wastani wa watu kama 1,300 katika kila kijiji, ilhali zamani walikaa kwenye migongo ya vilima, kila ukoo na shamba lake. Pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la maili 50, yaani kilomita 80, likatiwa vijiti vyenye ncha kali na seng'enge, na waliolichimba ni raia wenyewe, wengi wao wanawake, kwa kazi ya kulazimishwa.

Handaki hilo ni swali la hisabati linalotosha juma zima. Tulikadirie upana wa mita 5 juu, mita 3 chini, na kina cha mita 3: eneo la mkato wake ni mita za mraba 12, na ukizidisha kwa mita 80,000 unapata mita za ujazo 960,000 za udongo. Mtu akichimba na kuutupa juu udongo wa mita za ujazo mbili kwa siku, kazi ambayo mwenye shaka nayo namkaribisha aijaribu shambani kwake, zinahitajika siku 480,000 za kazi ya mtu mmoja. Na watu 2,000 wangeshinda humo kwa siku 240, bila mvua, bila Jumapili, bila ujira. Sasa rudi kwenye wanawake wetu wanne wa kila usiku, ufikiri ni wangapi waliobaki na njia ya kupita baina ya ua wa kijiji, saa ya kutotoka nje na handaki. Wanne wakawa wawili, wawili wakawa hakuna. Risasi na mabomu ya ndege havikuutoa msitu watu wake kama ilivyowatoa hesabu hii ya kutoa.

Somo la sayansi nalo lina haki yake, ingawa nitalipita upesi. Maji huchemka kwa joto linalopungua takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hivyo katika kambi iliyo mita 2,400 juu ya bahari yalichemka kwenye nyuzi 92; maharagwe yalichelewa kuiva, kuni zikaongezeka, na moshi ukawa mwingi. Kila mama wa Kieni anajua kwamba maharagwe ya juu hayaivi kama ya Mombasa. Kilichosalia ni mwanawe kuambiwa kwa nini.

Asinieleze mtu kwamba hisabati ni mambo ya kizungu yaliyoletwa kuwaingilia mashujaa. Waliokuwa msituni walihesabu. Karari Njama, mwalimu wa hapa hapa Nyeri aliyepata elimu yake katika shule ya Alliance, alipoingia Nyandarua alifanywa mwandishi wa wapiganaji, akaandika orodha za watu, silaha na mikutano. Na kitabu alichokitoa pamoja na Donald Barnett mwaka 1966 kina manufaa hadi leo kwa sababu kiliandikwa na mtu aliyezoea kuhesabu wanafunzi kila asubuhi. Kimathi naye alishikilia sana kwamba kumbukumbu ziandikwe na kutunzwa, akijua kwamba siku moja kutatakiwa ushahidi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la wazee, ambao mila yao inachukia kuhesabiwa kwa watu, hata mabinti wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, mabinti ambao kwa hakika hufika kumi, husemwa ni kenda kamili. Mila hiyo naiheshimu, na sina nia ya kumtuma mtoto akamhesabie mzee wajukuu zake. Lakini tutazame vema: aliyesema kenda kamili alikuwa amekwisha kuhesabu hadi kumi, na akachagua kwa adabu namna ya kuitamka hesabu yake. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka pangoni. Upimwe mwamba, ipimwe sakafu, ipimwe njia ya maji. Na pale penye mifupa, au palipo mahali pa sala, kamba ikunjwe na kofia zivuliwe.

Wako pia watakaosema kwamba kuyafanya mateso kuwa maswali ya kujumlisha na kutoa ni kuyashusha hadhi. Mimi naona kwamba hadhi hushuka zaidi panapotajwa nambari isiyofikiriwa. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, na jumla iliyotangazwa ilikuwa pauni milioni 19.9. Gawanya haraka, upate pauni 3,806 kwa kila mzee. Nambari nzuri, isipokuwa si ya kweli, maana ndani ya jumla ile mlikuwamo gharama za kesi, na mzee hakupokea kiasi hicho. Kijana aliyefundishwa kuuliza jumla imebeba nini kabla ya kuigawanya angemfaa babu yake kuliko kijana aliyefundishwa kupiga makofi.

Watu wa mataifa mengine wamekwisha kuona faida ya kuingia pangoni na kipimo mkononi. Kule Tanga, mapango ya Amboni yalisimuliwa kwa miaka mingi kwamba yanapenya chini ya ardhi hadi Kilimanjaro, na wengine wakasema hadi Mombasa. Upimaji uliofanywa mwaka 1994 ukaonyesha kwamba refu kupita yote halizidi kama mita 900, na hata hivyo wageni hawakupungua, kwa sababu mita 900 za kweli ndani ya mwamba wa chokaa zinatisha vya kutosha. Na ng'ambo, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, liko pango liitwalo Manitou, karibu na mji wa Fort Payne, ambamo Wacherokee waliandika ukutani kwa herufi alizozibuni Sequoyah, mwenzao ambaye hakuwa amejua kusoma lugha yoyote kabla ya kuziunda. Wataalamu, wakiwamo wasomi wa Kicherokee, walitangaza mwaka 2019 walichokisoma humo: habari za ibada iliyofungamana na mchezo wao wa mpira, pamoja na tarehe, mwezi wa Aprili 1828. Mtoto wa Nyeri anaweza kuifanya hesabu iliyobaki bila kalamu. Mwaka 1838 palepale pakajengwa ngome ya kuwakusanyia Wacherokee ili wafukuzwe kwenda magharibi. Toa 1828 katika 1838, ubaki na miaka kumi, ambayo ndiyo iliyokuwa imewasalia walioandika ukutani, nao hawakuijua. Mjukuu wa mtu aliyefungiwa katika vijiji vya 1954 hahitaji kuelezwa zaidi.

Nisisahau kuonya kwamba kipimo kinaweza kutumika kwa ulaghai pia. Pale Nanyuki, penye mstari wa ikweta, vijana humwonyesha mtalii maji yakizunguka upande huu hatua chache kaskazini, na upande wa pili hatua chache kusini, kisha humtoza fedha na kumpa cheti. Ilhali nguvu ya mzunguko wa dunia, kwa umbali ule mdogo na chombo kile kidogo, haiwezi kuyageuza maji, na kinachoyageuza ni mkono wa anayeyamimina. Siwalaumu sana, riziki ni ngumu. Lakini ningependa mtoto wa Nanyuki awe wa kwanza kuutambua mkono huo, wala asiwe mrithi wake.

Mtaala wa umilisi umekwisha kutufungulia mlango, kwa kuwa unataka mwanafunzi atende, wala si akariri, na hauna haja ya kuandikwa upya kwa ajili ya pango. Kinachohitajika ni vitu vichache na vya bei nafuu: ugwe uliofungwa fundo kila baada ya mita, fimbo ya mita moja, tochi, daftari, na mzee mmoja wa mahali penyewe atakayetangulia mbele na kulipwa ujira wake kama mwalimu mwingine yeyote. Kimo cha mdomo wa pango kitapatikana kwa kivuli, kwa kulinganisha kivuli cha fimbo na kivuli cha mwamba. Na hapo ndipo uwiano, ambao watoto wengi huufeli katika karatasi, utakapoeleweka kwa sababu jua linausema mbele ya macho yao. Kibali cha msitu kiombwe mapema kwa idara zinazohusika, watoto wasiingie bila watu wazima wa kutosha, na asiwepo hata mmoja atakayechonga jina lake ukutani, kama walivyofanya wageni wengi walioacha humo majina yasiyo na maana kwa mtu yeyote. Vipimo vitakavyopatikana visiishie kwenye alama za mwalimu, bali vitunzwe katika daftari moja la shule, darasa la mwaka ujao livikague na kuvisahihisha, na nakala ipelekwe kwa Makumbusho ya Taifa.

Naziomba serikali za kaunti za Nyeri na Laikipia, ambazo kila Oktoba hutoa fedha za mahema, viti na vipaza sauti, zitenge sehemu ndogo ya fedha hizo kuwa nauli ya basi la shule moja kutoka kila kata ndogo, mara moja kwa mwaka, kwenda pangoni na kurudi. Na mwalimu wa hisabati wa Tetu, Othaya, Mathira au Kieni anayesoma haya asingoje waraka kutoka Nairobi. Muhula huu una Jumamosi za kutosha, na ugwe unauzwa sokoni Karatina.